Vidole Vinne na Kidole Gumba

16 Januari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua inakukuta mzima na kwamba wazee wako wa wodini hawajakumaliza. Sisi tupo. Bibi hajambo kwa kiasi chake. Tangu kiharusi cha mwaka jana upande wa kulia haujarudi, na maneno nayo hayajarudi. Amebakiwa na "aa" moja tu, anaitumia kwa njaa, kwa baridi na kwa kumfukuza paka. Baba hajambo, bucha inakwenda, na ukitaka kujua kama bado ana hasira, iulize simu yangu. Alinikuta naongea huku mteja anasubiri maini. Akaiweka juu ya gogo la kukatia nyama, akaipiga shoka moja, tena kwa ustadi, ikagawanyika sawasawa. Ndiyo maana naandika. Tafadhali nijibu kwa anwani ya shule, siyo ya nyumbani.

Sasa la moyoni. Mwaka huu shuleni tunachagua fani. Ziko nne: umeme, ushonaji, upishi, na afya na ustawi wa jamii. Mihula miwili ya mwanzo mtu anaonja, wa tatu anachagua, na mzazi lazima aje mwenyewe kusema ndiyo mbele ya mwalimu. Mimi nataka afya na ustawi. Nataka kazi kama yako.

Nilimwambia baba wakati anamtoa bibi kitandani. Unajua kila asubuhi kabla hajafungua bucha anamnyanyua mwenyewe na kumweka kitini, mtu mwingine haruhusiwi. Akasema, "Mtoto wangu hatasomea kufuta mavi ya watu. Mama yangu namhudumia, nimesomea wapi?" Nikamjibu kwamba labda ndiyo maana bibi anapiga kelele kila asubuhi. Mdomo huu utaniua, Shangazi. Shukrani kwa kiti alichonirushia, maana kilinipita kikavunjikia ukutani.

Wewe ni dada yake. Tafadhali ongea naye.

Mimi mtoto wako,
Kiroboto


2 Februari

Kiroboto,

Marahaba mwanangu. Nimekusoma nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nyuma za hospitali, maana wodini hujamaliza mstari mmoja tayari umeitwa. Mimi ni mzima. Miwani yangu ndiyo si nzima. Mzee wa kitanda cha dirishani, aliyekuwa askari magereza, aliamka akadhani mimi ni mfungwa anayetoroka. Alinipiga kichwa cha pua, nikainama kuokota miwani, akanikaba kwa waya wa kengele. Walikuja wahudumu wawili kumbandua. Baadaye kidogo alikuwa ananiita mama na anataka chai yenye sukari. Mwezi uliopita nimeng'atwa, nimetemewa mate, na bibi mmoja mwembamba kama ufagio amenivunja kidole kidogo cha mguu kwa kuniangushia fimbo yake ya chuma, makusudi, huku ananitazama.

Ndiyo kazi unayoitamani. Usiichague. Chagua umeme. Waya ukikupiga, angalau haukuiti mama baadaye.

Kuhusu kuongea na baba yako, jibu ni hapana, na usiniulize sababu. Mkono wangu wa kushoto, ule uliokuwa unaucheka ukiwa mdogo ukisema shangazi anabeba kikapu ambacho hakipo, nao usiuulize. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia yote niliyoambiwa na bado kikavunjika kitu.

Msalimie mama yangu. Mwambie karibu na sikio la kushoto, ndilo linalosikia vizuri.

Shangazi yako


24 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa miwani, pua na kidole. Bibi nilimpa salamu zako sikioni, akasema "aa", lakini paka hakuwepo, kwa hiyo ilikuwa yako.

Usinikasirikie. Nimeshaanza kuonja afya na ustawi. Mwalimu wetu tunamwita Glovu, kwa sababu hata ukimwamkia anajibu "glovu kwanza". Tuna mwanasesere mkubwa wa mpira, mrefu kama mtu, tunamwita Mheshimiwa, kwa kuwa halali njaa, hafanyi kazi, na darasa zima linamhudumia. Nimejifunza kumpigisha mswaki mtu asiyeweza kutema. Nimejifunza kubisha hodi hata kwenye pazia. Sijawahi kupenda somo hivi.

Wiki iliyopita sikwenda shule siku chache. Niliteleza mlangoni mwa bafu nikaangukia sikio. Linapiga mluzi kama birika, lakini linapungua. Baba amejua habari ya kozi. Amesema hatakanyaga shuleni.

Ni hayo tu.

Kiroboto


8 Machi

Kiroboto,

Marahaba. Leo sina salamu ndefu.

Kwa kazi hii nimewavua nguo walioanguka na walioangushwa. Anayeteleza hutanguliza mikono. Anachubuka viganja, magoti, pengine paji la uso. Sikio linalindwa na bega, mwanangu, haliangukiwi. Sikio linapigwa. Uongo wa bafuni niliutumia mimi kabla hujazaliwa. Mama yako naye aliutumia mpaka yalipomtoka meno mawili, akachukua begi akaenda zake, na simlaumu kwa kuondoka, namlaumu kwa kukuacha.

Niandikie upya. Safari hii bila bafu.

Shangazi


5 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Haya, bila bafu.

Ilikuwa bucha, mchana, watu wamejaa. Mama mmoja, mteja, mwanawe anasoma na mimi, akamwambia baba, "Hongera, kumbe binti anasomea uuguzi." Baba alikuwa anakata ini. Hakuweka kisu kwa hasira, alikiweka taratibu, akazunguka meza, akanipiga kofi kwa mkono ule ule uliokuwa kwenye ini. Nilianguka juu ya ndoo ya mifupa. Nilipoinuka wateja wakapiga kelele, maana shavu zima lilikuwa damu, wakadhani nimekatwa. Ilikuwa damu ya ng'ombe. Yangu ilitoka baadaye, sikioni. Yeye alinawa mikono akauliza, "Nani anafuata?" Na mtu akafuata, Shangazi. Akanunua kilo moja ya mbavu.

Lakini siyo hiyo iliyonifanya niandike leo.

Wiki jana Glovu alichora mtu ubaoni, mbele na nyuma. Akatuonyesha mahali watu wanapoumia wakianguka na mahali wasipoumia. Alisema ndani ya mkono, juu, karibu na kwapa, hakuna anayeangukia pale. Ukikuta alama nne kwa mstari upande mmoja na moja peke yake upande wa pili, hivyo ni vidole vinne na kidole gumba. Mtu amemshika mtu kwa nguvu. Akasema ukiona, useme, usinyamaze.

Bibi huwa anaogeshwa na mama jirani. Jumamosi nikamwomba nimwogeshe mimi, kama mazoezi. Nikamvua lile sweta lake ambalo havui hata kukiwa na joto. Mikono yote miwili, Shangazi. Vinne na kimoja. Vingine vyeusi, vingine vimegeuka njano, vingine juu ya vingine. Niliweka mkono wangu karibu bila kugusa. Vidole vile ni vinene kuliko vyangu mara mbili. Mama jirani akasema, "Ngozi ya wazee hiyo, hata ukiitazama vibaya inavilia damu." Nadhani anamwogopa baba. Nani hamwogopi?

Nani mwingine anamshika bibi? Nani mwingine ana mikono ile? Sasa nimeelewa kelele za asubuhi.

Nifanye nini? Glovu kasema tuseme. Nakuambia wewe.

Kiroboto


10 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Barua yangu ya Aprili ilifika? Kila siku napita ofisini kuuliza, mpaka karani ananiita Posta.

Bibi ana alama mpya. Leo asubuhi amelia mpaka nikaziba masikio kwa mto. Mimi ninayesomea kuhudumia watu nimejifunika mto.

Tafadhali.

Kiroboto


19 Mei

Kiroboto mwanangu,

Marahaba. Ilifika. Kila nilipoanza kukujibu nilichana karatasi.

Sasa nitakuambia habari ya mkono. Alipokufa babu yako nilikuja kumchukua mama aje akae na mimi. Kaka yangu akasema mama haondoki nyumbani kwake. Unaijua nyumba ile, hutoki bila kupitia bucha. Nilimshika mama mkono tukafika mpaka kwenye ule mlango wa chuma. Nikiwa nimeshatoka, namvuta mama anifuate, kaka akaufunga. Mkono wangu ulikuwa katikati. Akaufungua, nikadhani amegundua. Akaufunga tena. Mfupa ulitoka nje, Kiroboto, mweupe kabisa, nikautazama kama kitu cha mtu mwingine. Ndani nilimsikia mama analia, "Mwache mwanangu!" Na yeye akimjibu kwa upole, "Ingia ndani mama, kuna baridi."

Upole ule ndio ulioniondoa. Nilijisemea, huyu ataipiga dunia nzima lakini mama hatamgusa. Nimelala kwa amani miaka yote hiyo juu ya neno hilo moja. Wewe umelivuta kutoka chini yangu.

Nimewaambia baba zako wadogo wote wawili, dereva na mwashi. Kila mmoja alipigwa naye utotoni, na mwenye kovu usidhani kapoa. Watafika Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Siku hiyo usiwe bucha. Nenda kwa rafiki, nenda popote. Sitaki uone.

Shangazi


3 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nilikuwepo.

Walifika wakati wa kufunga, jua bado lipo. Baba mdogo dereva akateremsha mlango wa chuma nusu, wateja wawili wakatoka kwa kuinama. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la chumba cha bibi. Baba alifurahi kuwaona. Hilo sikulitarajia. Akasema, "Leo kumekucha! Ngoja niwakatie nyama nzuri." Baba mdogo mwashi akamjibu kwa ngumi ya mdomo.

Unajua alivyo mkubwa. Dakika ya kwanza ilikuwa yake. Alimrusha dereva juu ya mizani, ikaanguka na kioo chake, akamshika mwashi koo na kumgongesha kwenye ndoano za nyama, moja ikamwingia begani. Halafu mwashi, huku ananing'inia, akapiga kelele, "Kwa ajili ya mama! Unampiga mama!" Na baba akaacha. Mikono ikamshuka. Akasema, "Mama? Mimi, mama?" kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua. Tangu hapo hakurudisha hata pigo moja. Wao ndio hawakuacha. Walimpiga mateke akiwa sakafuni kwenye vumbi la mbao na mafuta. Walimpiga kwa mnyororo wa mizani. Dereva alikuwa analia huku anapiga. Kisha wakamlaza mkono wa kulia juu ya gogo, mwashi akauliza, "Ni huu?" akachukua shoka, akalipindua, akaupiga kwa mgongo wa shoka. Mara tatu. Mlio wake ninaujua, nimeusikia utoto wangu wote, ni mlio wa mifupa ya supu.

Bibi aliita "aa, aa, aa" bila kupumzika. Nilimwambia, "Tulia bibi, imekwisha, hatakugusa tena."

Na nitakuandikia ukweli kwa kuwa ulinikataza bafu. Nilifurahi. Kila teke nililihesabu ni la sikio langu.

Amelazwa. Wamemfunga plasta mpaka kiwiko, daktari anasema vidole viwili huenda visifanye kazi tena. Ameambia watu aliangukiwa na mzoga. Sasa bibi namnyanyua mimi kila asubuhi kabla ya shule. Bado anapiga kelele, nadhani ni mazoea ya hofu. Yatakwisha.

Kiroboto


19 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Keti kwanza.

Jana nilimwogesha bibi. Nilitaka kuona alama zinavyopona, nikuandikie habari njema. Zile kubwa zimegeuka njano, zinafutika. Juu yake kuna mpya. Vinne na kimoja, mikono yote miwili, nyeusi.

Ni vidogo.

Niliweka mkono wangu. Safari hii niliugusisha. Vilikaa sawasawa, Shangazi, mpaka kile kidole changu cha kati kilichopinda. Kila asubuhi namshika chini ya kwapa, nakaza vidole asianguke, navuta. Ndivyo nilivyomwona baba akifanya maisha yangu yote. Hakuna njia nyingine niliyoijua.

Nilikimbia shuleni na mikono ina sabuni nikamweleza Glovu. Hakusema glovu kwanza. Akaniuliza bibi anatumia dawa gani tangu kiharusi. Nikamtajia. Akasema hizo zinaifanya damu iwe nyepesi, mtu akishikwa tu inavilia chini ya ngozi, na bega la upande uliopooza ukilivuta linauma kama jino. Hanyanyuliwi mtu kwa kwapa. Ananyanyuliwa kwa shuka, watu wawili, huku na huku. Nikamwuliza kwa nini hakutufundisha. Akasema alama ziko muhula wa kwanza. Kunyanyua kuko muhula wa pili, tunaanza wiki ijayo.

Baba hakumpiga bibi. Alikuwa anamtoa kitandani.

Mama jirani alinieleza na sikumsikia. Baba mwenyewe aliuliza "Mimi, mama?" na sikumsikia. Bibi alikuwa analia siku ile ya kipigo, nikamwambia atulie, nikidhani anamwogopa baba. Alikuwa anamlilia mwanawe.

Shangazi, tumefanya nini?

Kiroboto


22 Julai

Kiroboto,

Marahaba.

Kwa hiyo lile hakulifanya. Sawa. Nimelisoma, nimelielewa, sihitaji unichoree.

Mkono wangu alifanya. Meno ya mama yako alifanya. Sikio lako alifanya, na watu wakanunua mbavu. Usinitake nilie. Nimejaribu tangu ulipoandika, nimekaa mpaka kwenye kabati la mashuka na kufunga mlango ili nilie vizuri, hakuna kilichokuja. Halafu juzi yule askari magereza akanipiga kofi, la kawaida tu, napata makubwa kuliko hayo, nikalia mpaka wakamwita msimamizi.

Baba yako mdogo mwashi nimemweleza. Akasema, "Maji yakishamwagika," hakumalizia, akakata simu. Dereva hapokei.

Nami nimevuta wazee wangapi kwa kwapa kabla sijafundishwa, wakanitazama bila kusema? Basi. Liishie hapo.

Nilikuambia usichague kazi hii. Nalifuta. Wewe umegundua vidole ni vyako na hukuvaa glovu kuvificha. Wodini kwangu wapo wenye vyeti ukutani ambao wangemvisha bibi sweta na kunyamaza. Chagua unachotaka. Ila habari za kaka yangu usiniandikie kwa sasa.

Shangazi


28 Septemba

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Ulisema nisikuandikie habari zake, nikatii mpaka leo. Leo naomba uniruhusu, halafu nitanyamaza tena.

Bibi hajambo. Mikono yake ni safi, imekuwa na rangi moja. Paka amehamia kwa jirani.

Baba alirudi nyumbani mwezi wa nane. Vidole viwili vimekufa kweli. Bucha amempangisha mtu, anakaa mlangoni anamkosoa jinsi anavyokata. Siku ya kwanza nilimwambia yote: kwamba mimi ndiye niliyekuandikia, kwamba nilikosea, na kwamba alama za baadaye zilikuwa zangu. Nilisimama karibu na mlango wa chuma, na ufunguo wake nilikuwa nimeuficha kwenye soksi. Aliinua mkono wa kushoto. Nilifumba macho. Pigo halikuja. Nilipofumbua, mkono ulikuwa bado juu, kama hajui aufanyie nini. Nikamwambia, "Ukinipiga naondoka na bibi, na huu mlango hauufungi, ufunguo ninao mimi." Akaushusha. Sijui kama ni mimi niliyeushusha au ni uchovu. Hajawahi kuniambia pole na sitarajii. Juzi alivunja sahani tatu ukutani kwa sababu chai ilikuwa ya moto. Hajawa malaika, Shangazi, usinisome vibaya.

Kumnyanyua bibi kunataka watu wawili, na wa pili nyumbani ni yeye. Kwa hiyo kila asubuhi tunasimama huku na huku, shuka katikati, mimi nahesabu. Upande wake unalegea kwa sababu ya vile vidole, na bibi anainuka kapinda kama gari lenye pancha. Lakini hapigi kelele. Siku ya kwanza alipoinuka kimya baba alimtazama, akatoka uani, akapiga ukuta kwa ule mkono mbovu mpaka plasta aliyofungwa ikapasuka.

Leo ilikuwa siku ya kuchagua. Wazazi waliitwa, na kila mwanafunzi aonyeshe alichoonja. Sikumwambia aje. Alikuja, na shati limepigwa pasi vibaya. Nilipangiwa kuonyesha kunyanyua, na Mheshimiwa alikuwa amekatika mkono wakati wa mazoezi, kwa hiyo Glovu akauliza, "Nani mzazi atalala hapa?" Kina mama wakacheka. Baba akavua viatu akapanda kitandani. Kitanda kikalia.

Glovu akasema nianze na namna isiyofaa, ili watu waone tofauti. Nilimshika baba chini ya kwapa. Nilikuwa na haraka, hofu, na mambo mengine ambayo siwezi kuyaandika. Nilikaza vidole vyote kumi nikamvuta kwa nguvu zangu zote, Shangazi, kama ninavyovuta nusu ya ng'ombe kwenye ndoano.

Akasema, "Aa."

Ile ile. Ya bibi kabisa. Na alisikia alichokisema. Alibaki anatazama dari, machozi yanateremka kuingia masikioni, na darasa zima likadhani nimemuumiza vibaya. Nikamwita mwenzangu, tukapitisha shuka, nikahesabu, akainuka. Mtu mzito vile akainuka kama hana kitu.

Glovu akamuuliza, "Mzazi, unasemaje kuhusu fani?" Akasema, "Asomee," akavaa viatu, kimoja hakukifunga kwa sababu hawezi, nikamfungia mimi.

Tukafika kwenye kona ya nyumbani. Akauliza, "Mkono wa shangazi yako. Siku hizi unanyooka?"

Nikamwambia mwenye mkono yupo, amuulize mwenyewe. Akasema, "Nitashikaje kalamu? Andika wewe."

Basi nimeandika. Usipotaka kujibu, nitaelewa.

Kiroboto, wa Afya na Ustawi


17 Oktoba

Kiroboto,

Marahaba, na hongera. Mimi mzima. Askari magereza amefariki, alikuwa amenishika mkono, na mpaka sasa nasikia vidole vyake.

Nimeomba likizo. Nitafika Desemba, shule zikifungwa. Mlango wa chuma nikute uko wazi, na ufunguo ukae kwenye soksi yako, usimpe mtu. Mimi na yeye hatutapeana mkono na hatutakaa meza moja, umwambie mapema asijisumbue kupanga viti. Asubuhi tutamtoa mama kitandani. Wewe hesabu, yeye ashike upande wake, mimi nitasimama upande wa pili.

Na lile swali lake, mwambie haunyooki. Lakini pembe ya shuka unashika.

Shangazi